Dari ya Bafu la Mtani Wangu

Mume wangu alikufa akibandika tailizi kwenye dari ya bafu. Watu wakiniuliza huwa nawajibu hivyo, kwa sentensi moja, kisha nanyamaza, maana wengi hawajui kwamba dari inabandikwa tailizi. Wanajua sakafu, wanajua ukuta. Lakini hapa Dodoma, tangu nyumba zianze kuota kama uyoga, kila anayejenga anataka kitu ambacho jirani yake hana. Wenye nyumba za kulala wageni ndio waliozidi. Wanataka bafu livalishwe tailizi chini, pembeni na juu, mtu akiingia aone kama ameingia ndani ya sahani.

Mimi ni mwanamke wa darasa la saba, mzaliwa wa kijiji kimoja cha upande wa Mvumi. Kazi hii nilijifunza kwa mume wangu. Mwanzo nilikuwa nampelekea chakula saiti. Baadaye nikawa nachanganya gundi, nikawa nakata tailizi kwa grenda, na mwishoni nikawa nabandika. Mafundi wenzake walisema ameoa ili asilipe kibarua. Yeye aliwajibu kwamba kibarua wa kiume angemwibia gundi, na huyu akiiba anaipeleka nyumbani kwetu. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa.

Kwa kazi ya dari alikuwa na sheria zake, na alizirudia mpaka nikazichoka. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: jukwaa lijae chumba. Mbao zitoke ukuta hadi ukuta bila pengo, zikae juu ya miti ya mirunda iliyokazwa chini na kufungwa katikati. Mtu anayefanya kazi ya dari, alisema, macho yake yote yako juu, na miguu haina macho. Akirudi nyuma hatua moja ili atazame kama mstari wake umenyooka, lazima hatua hiyo ikute ubao. "Usipande kitu ambacho huwezi kukichezea ngoma," alikuwa akiniambia. Na kweli, kila jukwaa alilipanda kwanza akarukaruka juu yake, kichwa kikikaribia kugonga zege, mimi nimesimama chini na ndoo yangu nikicheka.

Sheria ya pili ilikuwa ya mafuta. Wanaomwaga zege la dari huzipaka mbao za chini oili chafu ya magari, ili zege likikauka mbao zibanduke kirahisi. Hilo wanafanya karibu wote, na halina ubaya kama dari itapakwa rangi tu. Ila uso wa zege unabaki na mafuta, laini kama kikaango. Tailizi ukiibandika hapo inashika wiki, inashika hata mwezi, halafu siku moja inaachia. Kwa hiyo tulikuwa tunaosha zege kwa sabuni, tunalipiga tindo mpaka liwe na vidonda kama uso wa mtu aliyeugua ndui, tunalirushia mchanga na saruji, tunaliacha likauke. Ndipo gundi inapakwa, kwenye dari na kwenye mgongo wa tailizi pia. Tailizi ziwe ndogo na nyepesi. Kila mstari unaegemezwa kwa ubao wenye mti chini yake mpaka gundi ikamate, na mistari isizidi mitatu kwa siku. Kesho yake unapita unagonga moja moja kwa mpini wa mwiko. Iliyoshiba inatoa mlio mfupi. Yenye uwazi nyuma inalia kama kibuyu, na hiyo unaitoa hata kama inakuuma.

Naandika haya yote ili aliyesoma mpaka hapa ajue kwamba mume wangu hakuwa mzembe. Siku aliyokufa alikuwa anajua kila kitu ninachokijua mimi leo.

Tulikuwa kwenye nyumba ya kulala wageni iliyokuwa inamaliziwa. Jukwaa letu lilikuwa limejaa bafu tangu juzi yake, na nusu ya dari ilikuwa imekwisha. Asubuhi tukafika, tukakuta bafu tupu. Mirunda yote na mbao zote zimetolewa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amezipeleka nje kushikilia zege la ngazi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anakuja na wageni wake mwisho wa wiki, na ngazi ilikuwa haijamwagwa.

Msimamizi huyo ni Mhehe, mtu wa ng'ambo ya bwawa la Mtera. Sisi Wagogo na wao ni watani. Kwa asiyejua, mtani anaweza kukwambia neno lolote, hata la mama yako, na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukuchukulia kitu chako na kukizuia mpaka umpe anachotaka. Msibani ndiye anayewachekesha wafiwa. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Mume wangu na yule msimamizi walitaniana kutwa nzima kila siku. Msimamizi akifika, mume wangu anapiga kelele watu wafunge mbwa wao, mtani asije akapata kitoweo, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Ulikuwa utani mzuri. Sikatai kwamba nilicheka mara nyingi.

Asubuhi ile msimamizi alituletea mapipa mawili na ubao mmoja wa kulaza juu yake. Mume wangu akautazama ule ubao, akamwomba mirunda minne tu, na mbao za kutosha nusu ya chumba.

"Mirunda inashika zege," msimamizi akasema. "Mtu mzima unaogopa pipa? Mgogo anapanda mbuyu bila ngazi kufuata ubuyu, leo unaogopa pipa, mtani?"

Mafundi waliokuwa mlangoni wakacheka. Mume wangu akacheka pia. Kisha akapanda.

Angeweza kukataa. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengine walilisema wakidhani mimi silijui. Angeweza kusema sipandi, tukavua ovaroli tukaenda nyumbani. Lakini maneno yalikuja kama utani, na utani haukataliwi kwa uso wa kununa mbele ya watu. Msimamizi alijua hivyo. Angetoa amri, mume wangu angebishana naye.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji kwenye tangi la nje. Nikasikia pipa likiviringika kwenye sakafu. Nilipofika bafuni alikuwa chini, kisogo kimegonga ukingo wa beseni la kuogea. Juu kulikuwa na mstari mpya wa tailizi, umenyooka kabisa. Alikuwa amerudi nyuma hatua moja kuutazama. Alifia kwenye gari la mizigo la saiti, kichwa chake mapajani kwangu, kabla hatujafika hospitali.

Tulimzika kwao, kijiji cha jirani na chetu. Msimamizi alikuja na mafundi wote. Sitamdhulumu: alichimba kaburi na wanaume wengine, alibeba jeneza, aliacha rambirambi. Baada ya mazishi watu wamekaa chini wanasubiri chakula, akasimama katikati kufanya kazi yake ya utani, kama ilivyo desturi. Watu wakamgeukia wakiwa wameshaanza kutabasamu.

"Mnajua kilichomuua mtani wangu?" akauliza. "Mlenda. Kala mlenda asubuhi, mlenda ukamshukia miguuni, ubao ukamteleza. Mjane, ulimpikia mlenda, hukumpikia?"

Watu walicheka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu jana yake, alicheka mpaka akalia upya. Ndiyo kazi ya mtani, na siku ile aliifanya vizuri. Mimi nilicheka kwa mdomo, kichwa nimekiinamisha. Nilikuwa nimempikia kweli mboga hiyo ya kuteleza. Mlenda wa karanga na ugali wa uwele, usiku; asubuhi akala kiporo chake amesimama, akaondoka. Nilipoinua kichwa nilimwona msimamizi ananitazama, na alipoona namtazama akageuza macho upesi. Hapo nikajua. Utani ule hakuufanya kwa ajili ya wafiwa. Alikuwa amechukua jukwaa, sasa amechukua na sababu ya kifo, ameitia kwenye chungu changu.

Sikula mlenda tena. Kwetu mtu asiyekula mlenda ni kama mtu asiyekunywa maji. Dada zangu walidhani naumwa. Na ule utani haukubakia msibani. Nilirudi kazini baada ya miezi mitatu, maana ndiyo kazi ninayoijua, na kwenye saiti nikaukuta umenitangulia. Mtu akiteleza kidogo, mwenzake anasema, angalia mlenda huo. Hawakuwa na nia mbaya. Wengine hawakujua hata unatoka wapi. Ndivyo kifo cha mume wangu kilivyobaki: Mgogo mmoja aliyeangushwa na mboga.

Nilimchukia yule mtu kwa utulivu. Sikumtukana, sikumshitaki, polisi walishaandika ajali, na mapipa yalishaondolewa. Kanisani, tukifika kwenye ule mstari wa Baba Yetu unaosema kama nasi tunavyowasamehe, nilikuwa nafunga mdomo. Nilisali yaliyotangulia na yaliyofuata, pale katikati nikanyamaza. Sikutaka kumdanganya Mungu. Nilikuwa namwomba kitu kingine, na yeye anakijua.

Mwaka wa pili msimamizi akanifuata mwenyewe kwenye saiti niliyokuwa nafanya kazi. Alikuwa anamalizia nyumba yake Ipagala. Mkewe aliona dari ya tailizi mahali fulani, akaitaka bafuni, na mafundi watatu walikuwa wamemkatalia. Walisema hawaweki vichwa vyao chini ya tailizi. Akaambiwa yuko mwanamke mmoja anayejua, na jina lilipotajwa likawa langu.

"Mtani, nina bafu," akasema, akiwa amesimama mbali kidogo.

Nikamjibu kwamba nitalifanya, kwa sharti kwamba ananipa mirunda na mbao za kujaza chumba, na hakuna mkono utakaozigusa mpaka niseme. Akasema nitapata. Hakucheka. Nilidhani nimemwona akishusha pumzi, kama mtu aliyekuja na ombi moja na kupewa mawili. Labda alifikiri nimesahau. Labda alifikiri kunipa kazi ni njia ya kusema pole. Sijui alichofikiri, najua nilichofikiri mimi. Nilifikiri sasa ametiwa mikononi mwangu.

Nililipanda jukwaa, nikarukaruka juu yake, halafu nikapeleka kiganja kwenye zege. Kikarudi kinateleza. Msimamizi huyu, mwenye nyumba zote za watu mikononi mwake, dari yake mwenyewe alikuwa ameimwaga kwa oili chafu kama wenzake, na mafuta yalikuwa bado yapo.

Nikaanza kazi. Upande wa mlango niliosha, nikapiga tindo, nikarushia mchanga. Upande wa bomba la mvua, pale mtu anaposimama uchi amefumba macho na sabuni usoni, sikuosha na sikupiga tindo. Nilibandika tailizi nne juu ya mafuta. Nilizipaka gundi vizuri mgongoni, nikazinyoosha kwa uzi, nikaziegemeza. Kwa macho zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Mtu akisema hasira ilinipanda si kweli. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayepepeta mtama.

Kesho yake nilizigonga kwa mpini wa mwiko. Zililia kibuyu, zote nne. Nilisimama chini yake nikapiga hesabu: mvuke wa maji ya moto, mlango kufungwa kwa nguvu, pengine mwezi, pengine miezi sita. Nikamwona amesimama pale. Nikamwona vizuri kabisa. Nilifurahi.

Wakati huohuo mlangoni akatokea mama mzee ameshika kikombe cha chai ya maziwa kwa mikono miwili. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, akaniuliza kama mtu mwenyewe anayebandika vyombo darini ndiye mimi, mwanamke. Alikuwa amesikia akadhani wanamtania. Alikuwa mama yake msimamizi, ameletwa kutoka kwao kuja kuishi na mwanawe. Akaniambia bafu hili ni lake. Chumba cha pili ni chake, mwanawe amemwahidi kwamba yeye ndiye atakayeoga wa kwanza, na hajawahi kuoga kwenye maji yanayotoka juu. Akanionyesha kwa kidole mahali atakaposimama, pale kwenye bomba. Halafu akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akafurahi sana, akasema kumbe mtani, basi chai hii utailipia, Mgogo hanywi cha bure.

Nilikunywa ile chai nimekaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu inaning'inia. Sitasema kwamba moyo ulilainika. Kwa yule mtu haukulainika hata chembe. Lakini dari haichagui kichwa. Tailizi haisubiri mwenye kosa aingie. Inaachia ikiwa tayari, kwa mama, kwa mtoto, kwa mgeni aliyeomba kunawa. Na kifo kingekuwa tena ajali, na mtani mwingine angesimama msibani kusema ni mlenda.

Nikazibandua zote nne. Hazikunisumbua, zilitoka na gundi yake yote, mgongo unang'aa mafuta. Nikaosha zege, nikalipiga tindo mpaka mabega yakafa ganzi, nikarushia mchanga, nikasubiri siku zake. Bafu lile nililifanya kama angelifanya mume wangu. Niligonga kila tailizi mara mbili. Nilipofika mwisho, tailizi moja ya katikati nikaiacha, nikaifunga kwenye khanga, nikaondoka nayo nyumbani. Kwa mama mzee niliaga nikisema kwamba mimi ni mtani wao, na tailizi ya mwisho nimeizuia mpaka mwenye nyumba aikomboe siku ya kufungua nyumba. Alicheka akipiga paja. Akasema hiyo ni haki yangu, na atahakikisha naipata.

Sala ya kufungua nyumba ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Mchungaji alikuja, ndugu walikuja, na mafundi walikuja, wengi wao ni walewale waliokuwa wamesimama mlangoni siku ile na kucheka. Nilitangulia asubuhi na mapema. Jukwaa langu nilikuwa nimeshalifungua siku mbili kabla. Mama mzee aliniruhusu kutoa mapipa mawili uani na ubao mmoja. Niliviweka bafuni kama vilivyokuwa vimewekwa siku ile, nikafunga mlango, nikakaa mbele yake kwenye kigoda. Kando yangu kulikuwa na kapu lenye chungu na bonge la ugali. Nilikuwa nimepika mlenda wa karanga, wa kwanza tangu msiba. Nilipika bila kuonja.

Mchungaji alipomaliza sala ya chumba kwa chumba akafika kwangu, na watu nyuma yake. Nikasema hapa hapapitwi, mimi ni mtani, bafu nimelizuia.

Watu wakachangamka mara moja. Msimamizi akaja mbele akiwa amevaa suti, akicheka kicheko chake kikubwa, akauliza mtani anataka nini, jogoo au mbwa.

"Nataka ule," nikasema, "halafu upande ubandike tailizi yako ya mwisho. Basi."

Nikafunua chungu. Alipoona ni mlenda kicheko kilipungua kidogo, lakini wengine hawakuona. Mama yake akapaza sauti kwamba ale, asimtie aibu. Akala, kwa mkono, tonge baada ya tonge, na watu wanamhesabia. Alipokuwa amekula karibu nusu nikasema inatosha, nikafungua mlango.

Aliyaona mapipa. Mafundi waliokuwa nyuma yake wakayaona. Kicheko cha mafundi kilikoma kabla ya cha wengine, na nilikisikia kikikoma.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "mirunda iko wapi?"

"Mirunda inashika zege."

Akanitazama. Nikamwambia, kwa sauti ya kufika sebuleni, "Mtu mzima unaogopa pipa?"

Aligeuka kumtafuta mama yake. Mama hakujua chochote. Kwake ulikuwa utani mtamu. "Panda, mwanangu," akasema. "Ni mtani wako."

Akapanda. Ubao ukalalama chini yake, maana ni mtu mzito. Nilipaka gundi kwenye tailizi na nikampa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua. Mikono yote miwili ikiwa juu, hakuwa na cha kushika. Nilikuwa nimeweka mguu wangu kwenye pipa. Niliuweka ili lisiviringike. Lakini mguu unaozuia pipa ni huohuo unaoweza kulisukuma, na mimi na yeye tulilijua hilo. Nasema kweli, nilifurahi. Nilitamani kusukuma. Nilihisi pipa lilivyo jepesi.

Akaibandika. Nikamwambia, "Sasa rudi nyuma hatua moja utazame kama imenyooka."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Alitazama ukingo wa ubao. Mikono yake bado imeishika tailizi.

"Hakuna pa kukanyaga," akasema.

"Si mlenda ndio uliomwangusha mume wangu?"

"Hapana." Kisha akasema kwa sauti ambayo mpaka mchungaji aliisikia, "Siyo mlenda. Jukwaa nililitoa mimi. Aliniomba, nikamnyima."

Hakuna aliyeweza kukasirika. Ndivyo utani ulivyo. Aliyekasirika ndiye mwenye makosa. Hakuna aliyeweza kucheka pia. Mama mzee aliuliza kitu kwa Kihehe, na fundi mmoja wa kwao akamjibu kwa maneno machache. Yule mama akaniangalia mimi, halafu akamwangalia mwanawe aliyekuwa bado yuko juu.

Nilichukua ubao wenye mti wake nikaegemeza ile tailizi, maana gundi ilikuwa haijakamata na mama ataoga humo. Nilipomaliza nikatoa mguu kwenye pipa, nikatoka. Sikumpa mkono ashuke. Nyuma yangu nikasikia mafundi wawili wakimwambia kaa kwanza, mzee, kaa, tukushike.

Sikumsamehe, na mpaka leo mstari ule wa Baba Yetu naupita kimya. Lakini siku ile nilikwenda uani na kapu langu, nikakaa kwenye tofali lililobaki. Mlenda ulikuwa umepoa na uzi wa ute wake ulikuwa bado mzuri. Nikanawa, nikala uliobakia wote, mpaka nikafuta chungu kwa kidole.